Yaliyosemwa Ofisini kwa Mshauri

Toamasina, 4 Machi 1994

Kwa Mwalimu Lalaina Ravoninjatovo,
Mshauri wa Masomo na Kazi,
Ambositra

Mwalimu,

Kwanza naomba radhi. Mimi si mtu wa kutangulia kusema mbele ya wasomi. Wapo wakubwa wangu waliostahili kunena kabla yangu, na kama nitateleza, lawama isinifuate mimi wala kizazi changu. Radhi nimeshaomba, sasa naingia kwenye neno.

Mimi ni Solofo Razafindrabe, msimamizi wa ghala la karafuu hapa bandarini. Miora, mwanafunzi wako wa mwaka wa mwisho, ni binti yangu wa pekee. Mama yake alifariki Miora akiwa bado mdogo, na tangu hapo analelewa huko Ambositra na Bebe, bibi yake mzaa mama. Miaka yote hiyo tumekuwa na mpango mmoja: akimaliza shule ashuke huku, asome uhasibu chuo kikuu, akae kwangu. Mtoto huyu anajumlisha kichwani upesi kuliko karani wangu na mashine yake. Chumba nimeshakipaka rangi. Dirisha nimeliweka upande wa upepo.

Mwezi uliopita kanitumia neno kwamba kabadili mawazo. Anataka Chuo cha Fanilo, Toliara, akasomee kupima damu na mikojo. Toliara! Ukichukua ramani ya nchi hii ukatafuta mahali pa kumficha mtoto asionane na baba yake, kidole kitaangukia hapohapo. Na huyu ni mtoto ambaye kuku akichinjwa yeye anakimbilia ndani.

Nikauliza kulikoni. Watu wa huko wakaniambia haipiti wiki bila yeye kuonekana mlangoni kwako. Wakaniambia pia kwamba bwana mmoja wa Fanilo alikuja shuleni na gari, mkala naye mchana hotelini, na Jumapili iliyofuata ukaonekana kanisani na shali mpya ya hariri. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba nimekaa bandarini muda mrefu. Gunia lililofunguliwa na kushonwa upya nalijua, hata kama uzi ni uleule.

Niandikie mwanangu alikuambia nini, na wewe ukamwambia nini.

Solofo Razafindrabe

*

Ambositra, 15 Machi 1994

Baba Miora,

Barua nimeipata, na radhi uliyoomba nimekupa, ingawa naona uliitumia yote.

Bwana wa Fanilo alikuja kweli, kama wanavyokuja wa vyuo vingine. Alileta vipeperushi, nikaviweka mezani pamoja na vya wenzake. Hotelini tulikula wali na maharage, kila mtu akalipia sahani yake. Shali nilipewa na mama mkwe wangu, na ungemjua mama mkwe wangu ungejua kwamba ile si zawadi, ni amri. Hayo yote ni yangu, kwa hiyo nakueleza bila kinyongo.

Ya Miora si yangu. Kila mwanafunzi anayeingia ofisini namwambia kabla hajakaa: utakayosema humu hayatatoka bila ruhusa yako, isipokuwa uhai wako au wa mtu mwingine uwe hatarini. Nikilivunja neno hilo kwa mmoja nimelivunja kwa wote. Naweza kukuambia kile ambacho hata mwalimu wake wa hesabu atakuambia sokoni, kwamba kwa namba ni hodari sana. Sikumtuma Toliara. Sikumtuma popote, maana kazi yangu si kutuma watu.

Fomu za kuchagua vyuo zinafungwa mwisho wa Juni, na mpaka siku hiyo anaweza kubadili. Ningekuwa wewe ningemuuliza mwenyewe, tena kwa upole.

Lalaina Ravoninjatovo

*

Toamasina, 25 Machi 1994

Mwanangu Miora,

Nakuuliza, na nimeambiwa nikuulize kwa upole, kwa hiyo huu ndio upole wangu: nani anakusukuma Toliara? Kama ni yule mwalimu, sema. Kama ni mvulana, sema vilevile. Nitakasirika siku mbili tatu halafu itapita. Ila usininyamazie. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Chumba kimekauka, hakinuki rangi tena.

Baba yako

*

Ambositra, 6 Aprili 1994

Baba,

Shikamoo. Hatujambo sote. Bebe mguu unamsumbua lakini ulimi uko salama. Mpunga umeiva, tunaanza kuvuna juma lijalo, kwa hiyo likizo yote nitakuwa shambani naye.

Hakuna anayenisukuma. Kazi ya maabara ni nzuri na haikosi ajira. Nasikia Toliara kuna jua mwaka mzima. Mwalimu Lalaina ni mtu mwema, tafadhali usimwandikie vibaya.

Chumba mpe mpangaji, Baba. Kodi itakusaidia.

Kifua chako kikoje? Ulisema unakohoa. Bado unakohoa? Usiache kuniandikia kuhusu kifua.

Mwanao,
Miora

*

Ambositra, 14 Aprili 1994

Miora,

Nampa barua hii jirani yenu anayekuja huko kuvuna. Baba yako ameniandikia. Sikumwambia kitu, na sitamwambia mpaka wewe useme ndiyo.

Lakini nakuomba hiyo ndiyo. Mimi sicheki mambo ya nyota. Babu yangu hakuturuhusu kuanza safari siku ya Jumanne, na mpaka leo, pamoja na vyeti vyangu vyote, Jumanne sisafiri. Kama nyota yako na ya baba yako zinapigana au hazipigani, mimi si mnajimu, sijui. Ninachokijua ni wewe. Ulipokuwa unanieleza hesabu za bandarini macho yalikuwa yanacheka, na ulipoandika Fanilo uliandika kama mtu anayesaini deni la mwenzake.

Fomu ni yako na nitaipitisha ukitaka. Ila kuna mahali mshauri anatakiwa kuthibitisha kwamba mwanafunzi amechagua kwa kupenda. Hapo sitaandika uongo. Nitapaacha wazi, na watakaouliza wataniuliza mimi.

Niruhusu nimwambie baba yako neno moja tu, kwamba unaogopa. Sababu utamweleza mwenyewe.

Mwalimu Lalaina

*

Shambani, 22 Aprili 1994

Mwalimu,

Hapana. Nimekata mpunga kutwa nzima nikiwaza, na jibu ni hapana.

Nililokuambia ofisini nalirudia hapa ili ujue sikulisema kwa utoto. Nilizaliwa mwezi wa Alakaosi, ule ambao wazee husema nyota ya mtoto wake huwazidi wazazi mpaka ikawaua. Mama alipokufa, Bebe alinikalisha jikoni akasema, "Nyota yako ni kali, mwanangu. Mama yako hakuiweza. Baba yako kakuacha kwangu si kwamba hakupendi, ni kwamba naye anataka kuishi." Bebe hakuwa na ubaya, alikuwa amefiwa na mwanawe. Tangu siku hiyo Baba akija kututembelea halali nyumba moja na mimi. Analala kwa rafiki yake mchonga mbao. Watu walidhani ni heshima. Mimi nilijua sababu.

Sasa ameanza kuzeeka, kasahau kuogopa, anataka tukae chini ya paa moja. Mwaka jana nilishuka Toamasina nikakaa kwake juma moja tu, na kikohozi kilianza hapo. Ukimwambia atacheka. Atasema yeye haogopi, atanilazimisha, nami nitashindwa kukataa kwa sababu nakitaka sana chumba kile. Kisha atakufa, na nitakuwa nimewaua wote wawili.

Wewe mwenyewe ulisema siri inatolewa uhai ukiwa hatarini. Hii uhai unalindwa kwa kuifunga. Uliniahidi.

Miora

*

Toamasina, 9 Mei 1994

Kwa Mwalimu Lalaina Ravoninjatovo
Nakala: Mkuu wa Shule

Mwalimu,

Safari hii radhi siombi.

Nilimuuliza mwanangu kwa upole kama ulivyonielekeza. Jibu lake ninalo hapa. Ananiambia chumba nilichompakia rangi nimpe mpangaji. Toliara anaisifia jua, kana kwamba huku tunaishi pangoni. Halafu anauliza kifua changu. Anauliza, anauliza tena, anasisitiza niendelee kumwandikia kuhusu kifua. Mwalimu, watu wanaouliza afya ya mzee namna hiyo nawafahamu. Wanapima kwa macho mabati ya nyumba watakayorithi. Je, ndivyo anavyofundishwa humo ndani? Kwamba baba ni mtu wa kukaa naye mbali ukingoja habari?

Nimelia, nakwambia wazi. Nimelia ghalani nikawaambia vijana ni karafuu.

Ulichomwambia ulimwambia mlango umefungwa. Mtu mwenye maneno mema huyasema mlango ukiwa wazi. Mficha uchi hazai, nawe umeficha mpaka nashindwa kujua unachoficha ni cha mwanangu au ni chako na bwana wa Fanilo. Shali ni ya mama mkwe, haya. Wali kila mtu kalipa, haya. Basi sema lililobaki!

Hukutaka kuniambia mimi, utamwambia Mkuu wa Shule. Nimemwomba akuhoji, na kama utanyamaza, akuondoe kwenye watoto wa watu.

Solofo Razafindrabe

*

Ambositra, 30 Mei 1994

Baba Miora,

Ombi lako limetekelezwa, kwa hiyo nakupa taarifa.

Niliitwa mbele ya Mkuu wa Shule na wajumbe wa kamati ya wazazi. Walikuwa na adabu. Walianza kwa kuzungumzia mvuno, wakaja kwenye mafundi wa paa la bweni, wakazunguka mpaka chai ikapoa, ndipo Mkuu akasema, "Lalaina, mama, sisi hatukushuku. Sema neno moja tu la kumtuliza mzee wa watu, tukale."

Nikasema, "Mkuu, nikisema hilo moja, kesho atakuja mzazi mwingine na la kwake."

Mjumbe mmoja akadakia, "Mtoto hana siri kwa mzazi wake! Siri ya nini? Kama si wizi ni mimba."

"Si wizi na si mimba," nikasema, na papo hapo nikajuta, kwa sababu hata hilo halikuwa langu. Wakaniuliza juu ya Fanilo, nikawaonyesha vipeperushi vyote. Wakauliza kwa nini kwenye fomu ya Miora mahali pangu nimeacha wazi. Sikujibu. Basi ikaonekana nimeficha kitu, na kweli nimeficha.

Kuanzia Jumatatu nafundisha jiografia madarasa ya chini. Muhula ukiisha nahamishiwa Ambatofinandrahana. Kabla ya kukabidhi ufunguo nilimrudishia kila mwanafunzi karatasi zake mkononi, pamoja na Miora. Alipochukua za kwake nilimwambia naondolewa. Sikumwambia kwa sababu ya nani. Nadhani aliambiwa na wengine.

Nina hasira nawe, Baba Miora, na naona ni haki uijue. Lakini sina hasira ya kunitosha kukuambia usichopaswa kuambiwa na mimi.

Lalaina Ravoninjatovo

*

Ambositra, 8 Juni 1994

Baba,

Mwalimu Lalaina ameondolewa kwa ajili yangu. Alikaa mbele yao wote na hakusema, na kumbe alikuwa na uwezo wa kujiokoa kwa maneno mawili. Siwezi kumwacha aumie ili mimi nifichike. Kwa hiyo nasema, na wewe ukishasoma usije, nakuomba.

Mimi ni wa Alakaosi. Najua. Bebe aliniambia tangu mama alipofariki. Najua nyota yangu ilimzidi mama, na najua kwa nini uliniacha huku na kwa nini ukija unalala kwa mchonga mbao. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Nimechagua Toliara kwa sababu hakuna mbali kuliko huko. Damu naiogopa, lakini nitazoea.

Niliuliza kifua chako kwa sababu kilianza kuuma nilipokaa kwako.

Si Mwalimu aliyenituma. Yeye alitaka nikuambie tangu mwanzo. Mwandikie Mkuu arudishwe.

Nakupenda, Baba. Ndiyo maana.

Miora

*

Toamasina, 15 Juni 1994

Miora, mwanangu, mama yangu,

Barua hii nampa dereva wa lori la chumvi, nimemwapisha aikabidhi mkononi mwako. Posta siiamini leo. Keti usome polepole.

Ni kweli, ulizaliwa Alakaosi. Mnajimu wa kwetu alisema nyota ni kali, na akasema la kufanya. Ulipotoka arobaini tulikupeleka kijijini kwetu karibu na Fandriana. Alfajiri tukakulaza kwenye ungo, tukakuweka juu ya jaa nyuma ya zizi la ng'ombe, tukarudi nyuma. Mama yako alijua yote yatakavyokwenda, na bado alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Shangazi yako Vola akapita na ndoo kama anayekwenda mtoni. Akapiga ukelele: "Jamani! Nani katupa mtoto huku?"

Nasi ikatupasa kujibu, "Hatumjui."

Sijawahi kutamka neno gumu kama lile. Ulikuwa umeamka, unaangalia juu, hulii.

Vola akakuokota. Akakuosha, akakuleta mlangoni kwetu akasema nimeokota mtoto, mnanunua? Tukakununua kwa kibaba cha mchele, tena Vola alivyo, akalalamika kwamba hakikujaa. Tukakuingiza ndani kama mgeni. Yule mwenye nyota kali alibaki jaani, mwanangu. Wewe ni mtoto wa kununuliwa, huna nyota ya kumzidi mtu. Miaka yote hii umebeba kitu ambacho sisi tulishakitupa.

Bebe hakuwepo. Tulikuwa tumegombana naye kwa mambo ya harusi, hatukumwita, na baadaye kila mtu aliona aibu kulianza. Aliujua ugonjwa, hakuijua dawa. Kosa hilo ni letu wakubwa.

Mama yako aliuawa na malaria. Nilikuwepo. Nilikuacha kwa Bebe kwa sababu nilikuwa nalala ghalani, kazi ya usiku, na kwa sababu una macho yake na mwanzoni sikuweza kuyatazama. Hapo ndipo nilipokosea, na hapo ndipo unilaumu. Na kwa mchonga mbao nilikuwa nalala kwa kuwa ulitaka nilale wapi? Chumba kimoja na mama mkwe?

Kikohozi ni karafuu. Ghalani tunakohoa sote, hata paka.

Fomu inafungwa mwisho wa mwezi. Chagua unachokipenda. Nikifa nitakufa kwa mambo yangu mwenyewe.

Baba

*

Toamasina, 17 Julai 1994

Mwalimu Lalaina,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana, kwa sababu kila nikianza na radhi nakumbuka ulivyosema kwamba ile ya kwanza niliitumia yote. Naomba nyingine. Nilikushuku rushwa, nikakushuku umemlisha mwanangu maneno, na yeye mwenyewe nikamshuku ananingoja nife. Wewe ulijua yote na ukakubali nikupake matope. Mke wangu angekuwa hai asingenipa chakula juma zima.

Nimemwandikia Mkuu. Amejibu kwamba uhamisho umeshatoka, na kwamba nafasi yako amepata mtu mwingine, mchangamfu, asiye na mambo ya kufichaficha.

Sasa kuna jambo. Miora ameniandikia. Haogopi tena, amelala usingizi, Bebe amelia na wamepatana. Nikasema Mungu mkubwa, mtoto anakuja. Kumbe haji! Fomu kaibadili siku ya mwisho kabisa, na si uhasibu wa hapa. Kaandika Antananarivo, hesabu. Hesabu tupu, Mwalimu, zisizo na hata gunia moja ndani yake. Anasema atakuja likizo kukilalia chumba. Likizo!

Nyota haipo, hofu haipo, Fanilo haipo. Basi ni nini? Alikuja kwako miezi na miezi. Haiwezekani mlikuwa mnazungumza Alakaosi tu. Kuna kitu kingine alikuambia. Yaliyokuwa siri yameshatoka, mimi na wewe sasa tunaelewana, na sitamwambia mtu. Niambie hilo tu.

Wako mwenye kukosa,
Solofo Razafindrabe

*

Ambatofinandrahana, 1 Agosti 1994

Baba Miora,

Radhi nimekupa, na hii unaweza kuiweka akiba.

Asante kwa kumwandikia Mkuu. Nimefurahi Miora analala usingizi. Nililia niliposoma, nami huku sina karafuu ya kusingizia.

Umekisia sawa, alisema na mengine. Hayo ameyatoa mwenyewe kwa mkono wake kwako? Hajayatoa. Basi bado ni yake, na mimi na wewe kuelewana hakujanipa ruhusa. Mwandikie. Muulize kwa nini hesabu tupu, kisha umwache amalize kusema kabla hujatia gunia katikati. Anapenda kukueleza mambo. Anangoja tu aulizwe na mtu asiye na haraka.

Huku nafundisha jiografia. Ofisi ya mshauri hakuna, ila kuna benchi nyuma ya maktaba, na wameshaanza kuja mmoja mmoja.

Mwenzangu aliyechukua nafasi yangu Ambositra, namsikia. Kila mwisho wa mwezi anawaita wazazi, anawasomea kila alichoambiwa na watoto wao. Wazazi wanamsifu sana, wamemnunulia kiti kipya. Mwanafunzi wa kule aliniandikia, nikamuuliza kwa nini asimwone yeye, na jana nimepata jibu. Anasema mlango uko wazi kutwa nzima na hakuna anayeingia.

Lalaina Ravoninjatovo